Kati ya Kuanguka na Kuanguka

Mpwa wangu, mwenye kifafa, amenyimwa kazi ya kuanika dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Ni kazi ya nchi kavu, na hajaanguka tangu mwaka jana. Angeomba kupanda mtumbwi usiku ningenyamaza. Ziwa halimngoji mtu azinduke.

Kifafa ni nini, tusipoteze muda: madaktari waliandika maana yake upya mwaka 2014, na inatosha. Kinachonikera ni shemeji yangu, msomi, aliyesimama upande wa mwenye dagaa. “Shemeji, hata asipoanguka, ubongo wake hautulii. Ubongo wa wenye kifafa wameupiga picha. Mitandao yake imeungana vingine.”

Kweli, imeungana vingine. Mtu akilala tu ndani ya mashine ya picha, utendaji wa sehemu za ubongo wake zilizo mbalimbali hupanda na kushuka pamoja. Kwa wengi wenye kifafa, ule mtandao ambao Marcus Raichle na wenzake waliueleza mwaka 2001, unaochangamka tunapowaza yetu, huonekana umelegea hata siku za salama. Lakini hayo hupatikana kwa kulinganisha wastani wa kundi na wastani wa kundi. Hayamsemi kijana huyu. Dawa nazo huenda zikachangia. Na hata tofauti ingekuwa yake mwenyewe, imegeuka hatia lini? Ubongo wa shemeji nao hautulii, hakuna unaotulia. Anachukua dakika mbili za kuanguka, anazitandaza juu ya siku zote za mtu, kisha anaita sayansi. Kifungu cha 39 cha Sheria ya Ndoa ya 1971, kinachoruhusu ndoa ibatilishwe kwa sababu ya kifafa, ni kikali, ila chenyewe angalau kinataja mashambulio yanayojirudia. Shemeji haoni hata haja ya shambulio.

Tukizungumzia kuupima ubongo, Hans Berger wa Jena, aliyenasa umeme wa ubongo wa binadamu mwaka 1924, alikuwa akitafuta namna mawazo yanavyovuka kutoka kichwa hadi kichwa. Ujanani farasi alimwangusha, akaponea chupuchupu. Siku hiyohiyo dada yake, mbali huko, akahisi kaka yuko hatarini, baba akapiga telegramu. Njia ya mawazo hakuiona, akaambulia mawimbi. Nampenda bure mzee huyu.

Tatizo la hoja yangu dhidi ya shemeji ni kwamba mpwa wangu husahau. Hesabu ya ndoo humpotea hata wiki ambazo hajaanguka. Nilipokuwa nikimsihi daktari asimpuuze, picha hizohizo ndizo nilizozishika: ugonjwa hauishi anapoinuka, nilisema. Shemeji alikuwepo, na juzi amenikumbusha. Bado natafuta jibu ambalo halitamnyima kijana ama tiba ama kazi.