Dhamana ya serikali haigeuzi riba kuwa halali

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa anaishi Virginia, Marekani, alinipigia simu akiwa na swali. Amepata nyumba katika kaunti ya Orange, huko mashambani lilipo shamba la Montpelier la James Madison, Rais wa nne wa nchi hiyo. Hana akiba. Lakini Wizara ya Kilimo ya Marekani, kwa mpango unaotokana na sheria ya makazi ya mwaka 1949, huwasaidia watu wa kipato cha chini na cha kati kununua nyumba vijijini. Mnunuzi hadaiwi malipo ya awali, na serikali humdhamini mkopeshaji hadi asilimia 90 ya mkopo.

"Ustaadh, si msaada wa serikali huu? Uharamu wake uko wapi?"

Nilimwambia atazame dhamana hiyo inamlinda nani. Familia ikishindwa kulipa, benki hufidiwa hasara yake; familia hupoteza nyumba. Riba ipo pale pale. Suratul Baqara, aya ya 275, inatenganisha biashara na riba, na aya ya 280 inaagiza mdaiwa mwenye dhiki apewe muda. Tena, kuruhusiwa na sheria ya nchi si kipimo cha haki. Pale Montpelier, Madison aliyeshiriki kuandika katiba alimiliki watumwa, na sheria ilimruhusu.

Ni kweli, mwaka 1999 Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti lilimruhusu Muislamu wa Magharibi asiye na njia nyingine anunue nyumba ya kuishi kwa mkopo wa aina hiyo, kwa hoja ya dharura. Wanazuoni wengine walipinga. Sikumhukumu kijana wangu. Nilimwambia: ukifikia hapo, usiite halali, iite dharura, na dharura ina mipaka.

Lakini nilipokata simu nilijiuliza kuhusu sisi wenyewe. Serikali isiyodai kuhukumu kwa Qur'an imekubali kumsimamia mtu asiye na akiba. Sisi tunaokemea riba kila Ijumaa, nani kati yetu amemdhamini ndugu yake? Kwa harusi tunachanga, kwa maziko tunachanga. Mfuko wa karadha njema, wa kumwezesha ndugu kuingia katika ununuzi wa ubia usio na riba, uko wapi?

Tukifunga mlango mmoja bila kufungua mwingine, tutakuwa tumesema kweli, lakini hatujatimiza wajibu.

Wallahu aalam.