Mfuko wa Safari ya Siku Moja

Masomo: Luka 22, 35–36, Yohana 6, 5–13



Twaandika kutoka Majengo, Mpanda. Kiangazi kimefika, vumbi limeinuka njiani, na watoto wa Shule ya Jumapili wameanza kutuuliza kama ilivyo desturi yao kila mwaka: "Mwalimu, safari ya Hifadhi ni lini?" Maana kwetu hakuna bustani ya michezo yenye pembea kubwa na magari ya kuzunguka, kama zile za miji mikubwa. Furaha ya siku moja tuwezayo kuwapa watoto wetu ni kupanda basi alfajiri, kwenda Sitalike, kilomita 35 hivi kusini yetu, waione kazi ya mikono ya Mungu katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Hifadhi hiyo iliwekwa mwaka 1974, ikaongezwa mwaka 1998, na leo eneo lake ni kilomita za mraba 4,471.

Swali la pili hufuata lile la kwanza upesi: "Tuchukue nini?" Swali hili laonekana dogo. Walakini mwaka jana lilituaibisha mbele za Mungu na wanadamu, ndiyo sababu twaliandika leo.

Kwanza tulisikilize Neno. Bwana wetu aliwatuma wanafunzi wake bila fedha, bila mkoba, bila viatu. Na usiku ule wa mwisho aliwauliza kama walipungukiwa, nao wakakiri kwamba hawakukosa kitu. Ndipo akawaagiza jambo jingine: tangu sasa aliye na kitu cha kusafiria asikiache nyumbani. Je, Bwana alijipinga mwenyewe? Hasha! Mara ya kwanza aliwafundisha kumtegemea Baba; mara ya pili aliwafundisha kutumia akili waliyopewa na Baba huyo huyo. Mtu aachaye mtungi umejaa nyumbani, akaenda porini mikono mitupu akisema, "Mungu atanipa maji," huyo hamtegemei Mungu, bali amjaribu. Naye afungaye mizigo saba kwa safari ya siku moja, asipate usingizi kwa hofu ya kupungukiwa, amesahau kwamba Mungu yuko hata Sitalike.

Basi tuseme wazi habari za mfuko, maana mahubiri yasiyofika jikoni hayafiki mbali.

La kwanza ni maji. Safari zetu huwa kati ya Juni na Oktoba, kwa kuwa wakati wa mvua njia za Hifadhi hujaa matope na wanyama hutawanyika. Katika miezi hiyo ya ukavu Mto Katuma hupungua ukawa vidimbwi. Viboko kwa mamia husongamana katika tope, ubavu kwa ubavu, na mamba hujificha katika mapango ya kingo za mto wakingoja mvua. Mahali ambapo kiboko akosa maji, mtoto wa Majengo atayapata wapi? Kila mtu mzima na awe na lita mbili, na mtoto asiwe na chini ya lita moja, tena maji yaliyochemshwa.

La pili ni nguo. Wengi hupenda kuvaa siku hiyo nguo zao nzuri za buluu au nyeusi. Wasifanye hivyo. Katika miombo ya Katavi wako mbung'o wengi, nao huvutwa na rangi hizo mbili. Ndiyo sababu mitego ya mbung'o hushonwa kwa vitambaa vya buluu na vyeusi. Tena huuma hata kupita nguo nyembamba. Yafaa nguo nzito kidogo, yenye mikono mirefu, ya rangi ya udongo au ya majani makavu, pamoja na kofia au kitenge cha kichwani. Wazee wetu waijua habari hii kuliko sisi. Zamani za utawala wa Waingereza watu wengi wa magharibi ya nchi hii walihamishwa, wakakusanywa katika vijiji vipya, kwa ajili ya ugonjwa wa malale. Mdudu mdogo alihamisha vijiji, tusimdharau. Atakayepatwa na homa baada ya safari na aende hospitali upesi, aseme kwamba aliumwa na mbung'o.

La tatu ni chakula. Chukueni viazi vitamu vilivyochemshwa, mihogo, karanga, mayai, dagaa wakavu, vitu visivyoharibika kwa joto. Wali wa nazi huchacha kabla ya adhuhuri. Chakula kifungwe katika kapu lenye kifuniko, maana nyani ni wezi hodari. Mifuko ya plastiki isichukuliwe kabisa. Serikali imeikataza tangu tarehe 1 Juni 2019.

La nne ni dawa. Mwenye pumu, kifafa au kisukari achukue dawa yake mwenyewe, na mtu aketiye karibu naye aambiwe ilipo. Atapikaye garini achukue limao la kunusa.

Mambo hayo, ndugu, ni mema, nasi tuliyasoma kanisani mwaka jana. Lakini hatukuishia hapo. Tuliongeza viatu vya raba, miwani ya jua, soda mbili, nyama ya kukaanga, na mkoba wa mgongoni wenye zipu. Orodha yetu ilifika vitu kumi na tisa, nasi tukajisifu kwa utaratibu wetu. Siku ilipofika, basi liliondoka na viti tisa vitupu. Tulidhani wenyewe wamezidiwa na usingizi, hatukuuliza. Huko Hifadhini chakula kilizidi, na jioni tulirudi na makapu ya nyama iliyokwisha kunuka, tukaitupa.

Jumapili iliyofuata tulimwuliza mama mmoja mjane mbona watoto wake watatu hawakuja, ijapokuwa usharika ulikwisha kuwalipia nauli. Akatujibu kwa upole: "Mwalimu, nauli mlilipa, nashukuru. Lakini watoto wangu wangebeba nini? Mkoba hawana, viatu vya raba hawana, soda hawana. Waliamka alfajiri, wakaoga, wakasimama chini ya mwembe, wakaliangalia basi likipita."

Hatukuwa na jibu. Hatukumkataza maskini yeyote asije. Wala hatukumtukana mtu. Tulimfungia mlango kwa karatasi tu. Na karatasi hiyo ilisomwa mbele ya madhabahu, kwa sauti ya kanisa, na mkono ulioiandika ni wetu sisi tunaoandika haya.

Tangu siku hiyo twaisoma habari ya Yohana sura ya 6 kwa macho mengine. Watu wengi walitoka kwenda mahali penye majani tele, kama watu waendao matembezi ya siku moja. Hesabu ya wanaume peke yao ilikuwa kama elfu tano. Andrea alipotafuta, alimwonyesha Bwana mtoto mmoja tu mwenye chakula, mikate mitano ya shayiri na samaki wawili. Shayiri ilikuwa mkate wa maskini. Maandiko hayatuambii ni nani aliyemfungia mtoto yule chakula chake, wala jina lake mwenyewe hatulijui. Lakini twajua kwamba chakula kile kilipotiwa mikononi mwa Bwana hakikuwa tena cha mtu mmoja. Mtoto hakuulizwa kama ana mkoba mzuri, wala watu hawakuulizwa kwa nini walikuja bila kitu. Waliketishwa wote.

Labda mtu atatuuliza: "Na wale wanawali kumi wa Mathayo sura ya 25? Werevu hawakuwagawia wapumbavu mafuta yao. Je, hawakufanya vema?" Swali hili ni la haki, nalo lataka jibu. Viko vitu ambavyo mtu hawezi kumwazima mwenziwe. Imani yangu haiwezi kuamini kwa ajili yako. Toba yako siwezi kuitubu mimi. Siku atakapokuja Bwana-arusi kila mmoja atasimama na taa yake. Hivyo hata katika safari hii: dawa ya mwenye kisukari haigawanywi, wala usingizi wa jana haukopeshwi. Lakini katika sura ile ile ya 25 Bwana asema pia habari ya hukumu, na pale hawaulizi watu habari za taa. Awauliza habari za mwenye njaa, mwenye kiu, na aliye uchi. Mafuta ya imani kila mtu ayatafute mapema; lakini kiazi kitamu na kikombe cha maji havina sababu ya kufichwa. Mkristo anayechanganya mambo haya mawili hukopesha asichoweza kukopesha, na hunyima asichopaswa kunyima.

Kwa hiyo mwaka huu tumeichana ile orodha. Kila jumuiya italeta kapu moja la chakula na madumu ya maji, navyo vitawekwa pamoja mbele ya basi. Mwenye vingi aleta vingi, mwenye kidogo aleta kidogo, na asiye na kitu aleta mikono yake ya kubebea. Nguo nzito na kofia za akiba zitakusanywa mapema katika nyumba ya mwinjilisti, apate kila mtoto bila kuulizwa mbele ya wenziwe. Katika kufunga chakula, kila mama na aongeze sehemu ya mtoto mmoja asiyemjua. Hiyo ndiyo orodha yetu yote: funga kwa ajili ya watu wawili.

Limebaki jambo moja, nalo ni kapu tupu. Watu walipokwisha kushiba, Bwana aliwaamuru wanafunzi waokote makombo, kisipotee kitu, nayo yakajaza vikapu kumi na viwili. Tazameni ajabu hii! Yeye awezaye kuzidisha mikate kwa neno hakukubali makombo yalale majanini. Basi sisi tusioweza kuzidisha hata punje moja, tutawezaje kuacha maganda, chupa na karatasi katika nchi ya wanyama? Chupa ikitupwa hapo hukaa miaka mingi, na mnyama akiila yaweza kumwua. Wala tusiwatupie wanyama chakula, maana sheria ya Hifadhi yakataza, na nyani aliyezoea mkono wa mtu huwa adui wa watu. Wala mtu asishuke garini ila mahali paliporuhusiwa. Kila kilichoingia nasi kitoke nasi.

Karibu na Ziwa Katavi uko mkwaju mmoja. Yasimuliwa kwamba humo hukaa roho ya mwindaji wa kale aitwaye Katabi, na watu waliweka sadaka chini ya mti ule wapate baraka katika kuwinda. Kwa jina lake huitwa Hifadhi, na tangu mwaka 2012 mkoa wetu pia. Sisi hatuuabudu mti, maana twamjua Muumba wake. Lakini wazee wale walijua neno moja ambalo sisi tulilisahau mwaka jana: mtu haingii katika pori lile akijifikiria nafsi yake tu. Waliomwogopa Katabi walifika na zawadi mkononi. Je, sisi tumwaminio Kristo tufike na vya tumbo letu wenyewe?

Nanyi waalimu wa injili na wainjilisti, twawasihi kwa upendo. Kabla hamjasoma tangazo lolote kanisani, liwe la safari, la arusi, la kipaimara au la mavuno, lisomeni kwanza nyumbani kwa masikio ya yule aliye maskini kuliko wote katika mtaa wenu. Likiwa lamfukuza, liandikeni upya. Ubatizo ulimfungulia mlango, tangazo lisimfungie.

Watoto wale watatu wamekwisha kuambiwa. Tulikwenda wenyewe nyumbani kwa mama yao, tukaomba radhi, naye akatusamehe kabla hatujamaliza kusema. Yule mdogo alituuliza abebe nini. Tukamwambia alete kapu tupu, kwa kuwa ndiye tutakayemkabidhi kazi ile waliyopewa mitume, ya kuokota vilivyosalia. Alifurahi sana, akaingia ndani kulitafuta.

Bwana, aliyetualika sisi sote tusio na kitu cha kuleta mezani pake, atufundishe kualikana. Amina.