Ziwa Lina Mlango Mmoja

Wajukuu zangu wa Ujiji na Kigoma, haya nimeyasema mpaka sauti imekauka, na leo nayarudia. Msijenge kule chini maji yaliporudi nyuma. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami sina hamu ya kumwona mtu akivunjika.

Ziwa Tanganyika hupokea maji ya Ruzizi, Malagarasi na vijito visivyo idadi. Pa kutokea ni mahali pamoja tu: mto Lukuga, ng'ambo ya pili, pale Kalemie nchini Kongo. Lukuga hupenya milimani kuelekea magharibi kwa kilomita kama 320, ukaingia Lualaba, na maji yake huishia Bahari ya Atlantiki. Lakini mlango huo ni mwembamba. Maji mengi ya ziwa huondoka kwa kukaushwa na jua.

Mwaka 1874 Mwingereza Verney Cameron alifika Lukuga akaukuta umesongwa na mimea. Stanley naye, mwaka 1876, akakuta tope na mafunjo, maji hayapiti. Miaka hiyo ziwa lilikuwa likijaa na kumeza ufukwe. Kwenye mwaka 1878 hivi kizuizi kikapasuka. Edward Hore, mmisionari aliyekaa hapa Ujiji, alivuka akayaona kwa macho yake maji yakitoka kwa kasi. Ziwa likashuka mita kadhaa. Nendeni kwenye kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, waliokutana hapa mwaka 1871: ukitoka pale leo, utatembea kabla ya kufika majini.

Basi jueni kwamba ardhi mnayogawana viwanja ilitoka majini kwa sababu mlango wa mbali ulifunguka. Ziwa halisomi hati ya mtu. Mwaka 2024 lilipanda, likaingia majumbani Bujumbura, Uvira na Kalemie, watu wakahama.

Na milima msiivue nguo. Mkikata miti, mvua hushusha udongo ziwani, ukafukia mawe ambako samaki huzaliana. Kisha mnalalamika kuwa nyavu zinarudi tupu.

Wanangu, jengeni juu. Miti ya mteremkoni iacheni isimame. Na kabla hujatoa hata shilingi ya kiwanja, muulize mzee wa mtaa maji yaliwahi kufika wapi. Akikuonyesha alama, jenga juu yake.