Je, Salama Hufuta Kosa?

Waswahili wana misemo miwili isiyopatana. Wa kwanza husema tahadhari kabla ya athari. Wa pili, ajali haina kinga. Wa kwanza husemwa chombo kikiwa bado pwani, na aghalabu hausikilizwi. Wa pili husemwa msibani, na hapo kila mtu huitikia. Baina yake pana swali la maadili: mtu aliyetumia chombo cha kazi bila ya kukikagua, kisha asipatwe na dhara lolote wala asimdhuru mtu, je, ana kosa?

Jibu la haraka ni kuwa hana, kwani hakuna aliyeumia. Mwanahisabati na mwanafalsafa wa Uingereza, William Kingdon Clifford, alilikataa jibu hilo katika makala yake ya mwaka 1877 kuhusu maadili ya kuamini. Alitoa mfano wa tajiri mwenye meli kuukuu, iliyokwisha kutengenezwa mara nyingi, nayo ilikuwa karibu kusafirisha wahamiaji. Tajiri yule aliingiwa na shaka kuwa huenda meli haifai tena. Kuikagua na kuitengeneza kungemgharimu fedha nyingi. Basi akajiliwaza kwamba imevuka dhoruba kadha wa kadha ikarudi, na kwamba Mungu hatawaacha wahamiaji wale, mpaka shaka ikamtoka. Meli ikazama, naye akalipwa bima. Kwa Clifford, mtu huyo ana hatia ya vifo vile ingawa aliamini kwa dhati kuwa meli ni nzima, maana hakuwa na haki ya kuamini hivyo kwa ushahidi aliokuwa nao. Kisha akaongeza neno zito zaidi: hata kama meli ingefika salama, hatia yake isingepungua. Kinachopimwa ni njia aliyoipitia mtu kuifikia imani yake, si matokeo yake.

Visiwani hoja hii si ngeni. Nahodha wa jahazi anayeijua kazi yake hang'oi nanga kabla ya kushuka ngamani kutazama maji yameingia kiasi gani, kupapasa kalafati baina ya mbao, kuivuta henza kwa uzito wake mwenyewe, na kulikunjua tanga kutafuta palipochanika. Kamba iliyooza ndani huweza kuonekana nzima kwa nje. Jicho hudanganyika, kiganja huijua. Mkwezi naye huikagua kamba ya miguuni kabla ya kuuparamia mnazi, kwa kuwa akishafika kileleni hana tena wasaa wa kuuliza.

Wapo watakaosema kuwa hayo ni ya wanagenzi, na kwamba aliyekaa baharini miaka 30 anakijua chombo chake. Ni kweli anakijua; lakini anachokijua ni chombo cha jana. Jua, chumvi na wadudu watoboao mbao havihesabu umri wa nahodha. Uzoefu humfunza mtu pa kutazama. Haumpi ruhusa ya kutotazama. Tena kila safari iliyofika salama bila ya ukaguzi ni mwalimu mbaya, kwani humwaminisha mtu kuwa chombo ni kizima, ilhali ilichothibitisha ni kuwa siku ile ufa haukufunguka.

Wapo pia watakaotaja kudra. Mafunzo ya dini yameshalijibu hilo kwa mfano wa ngamia: na afungwe kwanza, ndipo mwenyewe atawakali. Tawakali ni ya pale mkono usipofika. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, ikiwa imepakia watu kupita kiasi kilichoruhusiwa. Bahari na upepo ni vya Mungu. Lakini idadi ya watu wanaopanda ngazi ya meli huhesabika bandarini, na anayeweza kuhesabu hana haki ya kuiita hesabu hiyo kudra.

Hata hivyo, lipo jambo ambalo mfano wa Clifford haukuligusa. Tajiri yule alikuwa na uwezo wa kuizuia meli. Baharia aliyeuona ufa, au kibarua aliyeiona ngazi imelegea, mara nyingi hana uwezo huo. Akikataa kazi, yupo mwingine mlangoni anayeisubiri. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, ulilitambua hilo, ukataka alindwe mfanyakazi anayejitoa kwenye kazi kwa sababu ya haki ya kuamini kuwa pana hatari kubwa iliyo karibu. Pasipo ulinzi huo, ukaguzi humpa mnyonge elimu ya kifo chake tu, wala haumpi njia ya kukiepuka.

Kwa hiyo kosa la kutokagua haligawanywi sawasawa. Aliyepuuza kutazama hali ameweza ana lake. Mzito zaidi ni mzigo wa yule aliyeambiwa na wenziwe walichokiona, akawaamrisha wang'oe nanga. Huyo, hata chombo kikifika, abiria wakashuka na kumshukuru, amepokea shukrani isiyokuwa yake.