PAULO ALIKATAA KUTOKA KWA SIRI
Somo: Matendo ya Mitume 16:16-40



Tunapenda sana kuhubiri habari ya Paulo na Sila gerezani. Tunasimulia nyimbo za usiku wa manane, tetemeko, minyororo kufunguka, na mlinzi wa gereza kubatizwa pamoja na nyumba yake. Hapo mhubiri hufunga Biblia na watu husema Amina. Lakini habari haijaisha. Someni tena aya ya 35 hadi ya 40.

Asubuhi wakubwa wa mji wanatuma askari waseme watu hao waachiliwe. Mtu angedhani Paulo atamshukuru Mungu na kushika njia. Lakini anakataa! Anasema walipigwa hadharani pasipo hukumu, na sasa wanataka kutolewa kwa siri. Wakubwa waje wenyewe wawatoe. Nao wakaogopa, wakaja, wakawasihi.

Kwa nini Paulo alifanya hivyo? Kiburi? Hapana. Mgongo wake ulikuwa umekwisha kupigwa, na yeye alikuwa anaondoka Filipi siku ile ile. Lakini Lidia na ndugu wengine walikuwa wanabaki chini ya wakubwa wale wale. Kama kosa lile lingefunikwa, kesho lingewapata wao. Paulo alidai haki kwa ajili ya wanaobaki.

Ndugu zangu, hapa Kasese tunaijua habari ya namna hii. Tarehe 26 mwezi wa 11 mwaka 2016 kulitokea mapigano kati ya askari wa serikali na walinzi wa ufalme wa Rwenzururu, na polisi wasiopungua 14 waliuawa. Siku iliyofuata, siku ya Jumapili, jeshi na polisi walivamia ikulu ya Omusinga Charles Wesley Mumbere kule Buhikira. Shirika la Human Rights Watch lilichunguza, na mwaka 2017 likaandika kwamba katika siku hizo mbili waliuawa watu zaidi ya 150, na wengi wao walifia ndani ya uwanja wa ikulu. Hata watoto walikuwemo mle. Mwandishi wa habari Joy Doreen Biira, aliyekuwa amekuja Kasese kwa sherehe ya ndoa yake ya kimila, alikamatwa kwa kusambaza habari na picha, akashitakiwa kusaidia ugaidi. Mwaka 2017 mashitaka hayo yakaondolewa.

Omusinga naye alishitakiwa kwa mauaji, ugaidi na uhaini. Alipopewa dhamana mwaka 2017 hakuruhusiwa kurudi kwake. Mwezi wa 6 mwaka 2023 mashitaka yake na ya watu wake yalifutwa, na mwezi wa 10 akarudi Kasese. Watu walifurahi, na sisi tulifurahi pamoja nao. Lakini hadi siku aliporudi, hapakuwa na afisa hata mmoja aliyefikishwa mbele ya mahakama ya Uganda kwa ajili ya wale waliokufa. Mlango wa gereza ulifunguliwa, lakini wakubwa hawakuja wenyewe. Ni aya ya 35 bila aya ya 39.

Wengine wataniuliza: Mchungaji, je, Warumi 13 haisemi tutii mamlaka? Ndiyo, inasema, na aliyeiandika ni Paulo huyu huyu. Kumkumbusha mtawala sheria yake mwenyewe si uasi. Paulo hakumlaani mlinzi wa gereza; alimzuia asijiue, akala mezani kwake. Hakutafuta upanga wala kisasi, lakini pia hakunyamaza.

Wengine watasema serikali ina maadui wa kweli. Ni kweli kabisa. Tarehe 16 mwezi wa 6 mwaka 2023 ADF waliingia shule ya Lhubiriha pale Mpondwe, wakaua wanafunzi 37 pamoja na watu wengine. Sisi tuliokimbia Kongo tunawajua watu hao, na tunamshukuru kila askari anayelinda mpaka. Lakini mtoto wa Lhubiriha na mtoto wa Buhikira damu yao ni moja mbele za Mungu. Anayelia kwa mmoja asikatazwe kumlilia mwingine.

Tena wako wanaosema: sisi ni wageni, tunyamaze. Sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006 inatukataza kujiingiza katika siasa za Uganda, na tuitii. Lakini kuwaombolezea wafu na kuwatembelea wajane siyo siasa. Na kuzijua haki zako siyo siasa. Paulo alisimama juu ya uraia wa Roma, ambao wengi hawakuwa nao. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, kifungu cha 23 na cha 24, inamlinda kila mtu, hata asiye raia. Kijana wako akikamatwa, aambiwe sababu kwa lugha anayoielewa. Jamaa zake wajulishwe. Aruhusiwe wakili. Asipigwe wala kuteswa. Afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita. Na dhamana ya polisi hailipiwi hata shilingi moja. Wazazi, wafundisheni watoto mambo haya kama mnavyowafundisha Zaburi. Mtu akikamatwa, msikae nyumbani kwa hofu. Nendeni wawili au watatu, kwa adabu, mkaulize yuko wapi.

Mwisho, angalieni aya ya 40. Paulo alipotoka gerezani alikwenda kwanza nyumbani kwa Lidia, akawatia moyo ndugu. Nasi twende kwa wale waliobaki na majonzi, Wakonzo na Wanande, wenyeji na wakimbizi, hata nyumba za polisi waliouawa.

Tuombe: Ee Bwana, uliyesikia damu ya Habili ikilia toka ardhini, usiyafunike mambo haya. Wape viongozi wa Uganda ujasiri wa kuja wenyewe. Utupe sisi kinywa kisicho na chuki wala woga. Amina.

Ndugu yenu katika Kristo,
Mchungaji