Maneno Yaliyo Juu ya Dinari

Bismillahi Rahmani Rahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baad:

Ndugu zangu Waislamu, sarafu hupita mikononi mwetu asubuhi na jioni, nasi twaihesabu wala hatuitazami. Twapenda leo kuwakhubirieni khabari ya dinari ya dhahabu, kwani ndani yake mna mawaidha kwa mwenye kuzingatia.

Waislamu wa mwanzo walinunua na kuuza kwa dhahabu ya Warumi wa Konstantinopoli na fedha ya Waajemi. Dhahabu ile ilikuwa na sura za makaisari na msalaba. Waislamu walipoanza kupiga yao waliifuata namna ile ile, ila mikono ya msalaba wakaiondoa, ikabaki nguzo tupu. Kisha, tangu mwaka 74 wa Hijra, ikapigwa dinari yenye sura ya mtu amesimama na upanga wake. Hata ulipofika mwaka 77, yaani 696 hadi 697 Miladia, Khalifa Abdul Malik bin Marwan akaziondoa sura zote, pasibaki ila maandiko.

Dinari hiyo upana wake yapata milimita 19, na uzani wake gramu 4.25. Imeandikwa kwa khati ya Kufi, herufi zilizonyoka, karibu hazina nukta. Katikati ya upande mmoja ni kalima ya Tauhidi, na pembeni yake, kwa duara, ni maneno yatokayo katika Suratut Tauba. Katikati ya upande wa pili ni maneno ya Suratul Ikhlas, na duara lake lataja mwaka iliyopigwa. Jina la Khalifa halimo. Mtu aliyetawala Misri na Shamu na Iraki hadi Khurasani hakujiandika hata kwa herufi moja. Majina ya watawala yaliingia katika dinari baadaye, zama za Bani Abbas. Basi na ajiulize kila mmoja wetu: akijenga msikiti au akichimba kisima, je, aweza kustahimili jina lake lisiwepo?

Tazameni tena jambo la ajabu. Katika nchi ya Uingereza alikuwako mfalme wa Mercia, jina lake Offa, aliyetawala tangu 757 hata 796. Alipiga sarafu ya dhahabu kwa kuiga dinari ya mwaka 157 wa Hijra, zama za Khalifa Al-Mansur. Nayo imehifadhiwa London katika Jumba la Makumbusho la Uingereza. Fundi wake hakujua Kiarabu. Alizichora herufi kama achoravyo mtu maua, akakosea, na jina la mfalme wake akaliweka kichwa chini katikati ya maneno ya kumshuhudia Mtume. Hivyo mfalme Mkristo akatoa shahada katika mali yake wala asijue.

Msimcheke fundi yule. Sisi tunaofundisha vyuoni twawaona watoto wakikhitimu Kurani kwa sauti njema, kisha wakawa watu wazima na wazee, wala hawakuulizia maana ya Suratul Ikhlas wanayoisoma katika sala zao. Ametofautianaje huyo na mchongaji wa Mercia? Yule alichonga dhahabu, huyu huchonga hewa. Mzazi asitosheke na khitima. Na amwulize mwanawe maana, na kama yeye mwenyewe haijui, waketi wote wawili mbele ya mwalimu. Hapana aibu katika kujifunza.

Imam Nawawi, katika Minhaj, ameitaja kauli iliyo sahihi zaidi, kwamba asiye na udhu yamjuzia kuchukua dinari zilizoandikwa Kurani, kwa kuwa maandiko yale hayakukusudiwa kusomwa kama msahafu. Hii ni rukhsa ya kuchukua, wala si rukhsa ya kukhini. Huko Misri walipima dinari kwa vipande vya kioo, kwani kioo kikimegwa huonekana mara moja. Na wewe, ewe mfanyabiashara, mizani yako ikimegwa, nani ataiona? Yule ambaye jina lake lilikuwa juu ya dhahabu ndiye aionaye.

Na mithkali hiyo ndiyo kipimo cha zaka: nisabu ya dhahabu ni mithkali 20, yaani gramu 85, na ikitimia mwaka hutolewa fungu moja katika 40, nayo ni nusu mithkali. Mwenye kuizuia nusu ile amelificha neno la Mwenyezi Mungu sandukuni pamoja na mali yake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu ayaandike maneno haya nyoyoni mwetu kabla ya mikononi mwetu, na aturuzuku elimu yenye manufaa na chumo la halali. Amin.