Upepo Unaotolewa Kila Asubuhi

Palikuwa na boti ya mbao huko Lamu iliyokuwa ikienda Kiwayu kuchukua samaki. Ilikuwa na mashine ndogo ya dizeli ya silinda moja, kama zilivyo boti nyingi za visiwa vile. Tangi lake la mafuta lilifungwa juu upande wa shetri, na dizeli ilishuka yenyewe mpaka kwenye mashine. Mwenye boti akataka nafasi zaidi ya barafu. Akaagiza tangi lishushwe chini ya sakafu, na kazi akampa fundi bomba wa majumbani, mtu hodari na mwaminifu katika kazi yake.

Fundi yule aliunganisha mpira wa plastiki wa kupitishia maji, akaufunga kwa waya ncha zote mbili, na kwenye nyuzi za koki akazungusha utepe mweupe wa mabomba. Alipomaliza alipitisha kitambaa kikavu kwenye kila kiungo. Hapakuwa na tone hata moja. Akalipwa, akaenda zake.

Hapo ndipo palipoharibika, na mtu hawezi kumlaumu bila kueleza. Bomba la maji ndani ya nyumba hubeba maji yanayosukumwa, kwa hiyo likiwa na ufa maji hutoka nje na ukuta hulowa. Mafuta yanayotoka kwenye tangi lililo chini ya mashine hayasukumwi, yanavutwa na pampu ndogo ya mashine. Kiungo kikilegea hapo hakitoi tone. Kinaingiza hewa. Kitambaa kitabaki kikavu mwaka mzima, na mashine itakuwa inakunywa upepo.

Kwa nini hewa kidogo iizime mashine yenye nguvu namna ile? Dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Pistoni huibana hewa mpaka ujazo wake upungue karibu mara 20, joto lipite digrii 500, kisha pampu ya presha inasukuma mafuta kidogo sana kwenye nozo. Nozo haifunguki mpaka presha izidi mara 100 ya presha ya hewa tunayovuta puani. Dizeli haibaniki, kwa hiyo msukumo wote wa pampu hufika. Hewa inabanika. Pampu ikisukuma, povu linajikunja, pampu ikirudi, povu linajikunjua, na nozo haijafunguka. Rudolf Diesel mwenyewe, katika mashine yake iliyofanya kazi Augsburg mwaka 1897, alipuliza mafuta ndani kwa hewa iliyogandamizwa, jambo lililohitaji kompresa nzito. Mashine ndogo zilienea pale pampu za kusukuma mafuta peke yake zilipopatikana. Bosch walianza kuzitengeneza kwa wingi mwaka 1927, na mwaka 1933 Yanmar wa Japani wakatoa mashine ndogo ya dizeli inayofaa kutumika. Udogo wa mashine hizi umetokana na mafuta kusafiri bila hewa ndani yake.

Turudi botini. Siku za mwanzo mambo yalikwenda vizuri, maana tangi lilijazwa pomoni na mafuta yalipanda juu ya kile kiungo cha waya. Mafuta yaliposhuka chini ya kiungo, matatizo yakaanza. Usiku mashine ikiwa imezimwa, dizeli iliyokuwa mpirani ilirudi tangini taratibu na hewa ikachukua nafasi yake. Asubuhi mashine haiwaki. Kijana wa mashine alijua dawa: analegeza skrubu ya juu ya chujio, anapiga mkono wa pampu ndogo, povu linatoka, linafuatia povu jembamba, kisha dizeli safi, anakaza. Mashine inawaka. Akaifanya kazi hiyo kila asubuhi, kwa ustadi, mpaka nahodha akamsifu mbele ya abiria.

Fundi mmoja mzee wa Mokowe alimwona akiifanya gatini.

"Mwanangu, upepo huu unautoa kila siku?"

"Kila siku, mzee wangu. Ndivyo ilivyo mashine hii."

"Hakuna mashine iliyo hivyo. Umetafuta unakoingilia?"

Kijana akajibu kwa adabu kwamba hakuna panapovuja, wamepapangusa pote. Mzee akamwambia afunge klipu za chuma na anunue mpira wa mafuta. Nahodha akasema watafanya wakirudi.

Wakaenda Kiwayu mwezi wa Julai, kusi likiwa kali. Wakati wa kurudi walikuwa wakikabili mawimbi, tangi limebaki robo, na kila boti ilipopiga kichwa chini mafuta yalikimbilia upande mmoja. Nje ya mwamba wa Pate, mlio wa mashine ukaanza kupanda na kushuka, ukazima. Kijana akalegeza skrubu, akapiga pampu, likatoka povu, akawasha. Ikakwenda kidogo, ikazima tena. Ndipo haraka ikamwingia. Akafungua skrubu ya chujio, ya pampu ya presha na nati ya nozo, zote kwa pamoja, na hewa ambayo ilikuwa imeingia sehemu moja ikapata milango mitatu. Washa ya shaba ikamponyoka ikaanguka ngamani kwenye maji machafu. Akakaza skrubu bila washa. Akang'ang'ania stata mpaka betri ikafa. Nahodha akatia nanga, lakini amari ilisugua mawe ikakatika. Boti ikapanda mwamba, mkuku ukavunjika. Mashua iliyokuwa nyuma yao iliwaokoa watu wote.

Maji yalipokupwa waliing'oa mashine wakampelekea yule mzee. Aliitoa maji ya chumvi, akabadilisha oili, akaweka dumu la dizeli juu ya rafu, akashusha mpira mmoja mpaka kwenye mashine. Akatoa hewa kwa mpangilio: chujio kwanza, akalikaza, kisha pampu ya presha, akaikaza, mwisho nati ya nozo, huku kijana akizungusha handeli, mpaka dizeli ikaruka bila povu. Ikawaka, ikanguruma mchana kutwa. Mashine haikuwa na ubovu. Na katika ile boti, tangu wanaondoka Kiwayu, palikuwa na dumu la akiba limejaa dizeli, limefungwa kando ya nahodha. Lingeinuliwa juu ya mashine na kuunganishwa kwa mpira mzima, wangefika nyumbani.

Hilo la dumu likumbukwe na kila mwenye dizeli, awe na boti, mashine ya kusaga au pampu ya shamba. Ni kipimo na ni uokozi. Mashine ikikataa kwenye tangi na ikakubali kwenye dumu lililo juu, ubovu uko kati ya tangi na pampu ya presha, wala usimruhusu mtu aifungue pampu hiyo. Badilisha mpira, funga klipu, weka washa mpya kila unapofungua. Usitumie bomba lililopakwa zinki, kwa sababu zinki na dizeli hutengeneza uchafu unaoziba chujio na nozo. Mpira usiachwe ukapanda mgongo mahali, maana hewa hukaa kileleni. Mkono wa pampu ndogo ukiwa mlegevu na hauvuti, usidhani pampu imekufa: zungusha mashine mzunguko mmoja, ujaribu tena. Na usiweke kiganja mbele ya nozo inayopuliza. Mafuta yale hupenya ngozi, kidonda huonekana kama tundu la sindano, na asiyekimbizwa hospitali anaweza kupoteza mkono.

Basi wewe unayesafiri kesho, kabla hujaiwasha alfajiri legeza skrubu ya chujio, upige pampu utazame kinachotoka. Kikitoka dizeli, nenda. Likitoka povu, na jana pia lilitoka, usiondoke gatini mpaka umepata tundu linakoingilia.